Mtambo wa Bayogesi Nao Una Tumbo

Mfugaji, gesi inayowaka jikoni hutengenezwa na vijidudu hai vilivyotoka tumboni mwa ng'ombe wako pamoja na kinyesi. Ndiyo maana mtambo huanzishwa kwa kinyesi kibichi, ndoo moja kwa ndoo moja ya maji. Samadi iliyokaukia bomani haifai: vijidudu vingi vimekufa, na mchanga wake hujaa chini ya shimo.

Vijidudu hivyo ni makundi mawili. Vya kwanza huozesha kinyesi na kutoa asidi, upesi sana. Vya pili hugeuza asidi hiyo kuwa methani, gesi yenyewe, lakini huzaliana polepole. Ukirundika kinyesi cha siku tatu kwa mkupuo mmoja, asidi huvizidi nguvu. Tope hunuka uchachu na moto hukataa kuwaka, sawa na ng'ombe aliyevamia gunia la mahindi. Acha kuulisha mtambo kwa wiki moja au mbili, kisha anza tena kidogo kidogo.

Linalosahaulika zaidi ni dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibaiotiki, sehemu ya dawa hutoka na kinyesi na mkojo, ikaua vijidudu hivyohivyo. Mara nyingi baba ndiye huchoma sindano na mama ndiye hukoroga kinyesi asubuhi, naye hajaambiwa. Mwonyeshe ng'ombe huyo. Kinyesi chake kitengwe, angalau mpaka ziishe siku za kutokunywa maziwa zilizoandikwa kwenye chupa. Maji ya josho na ya sabuni yasiingie mtamboni kabisa.