Motokaa Inayochemsha Mlimani: Kuijua Sababu na Kuiondoa

Mkulima wa Liganga apelekaye viazi au mahindi yake sokoni Njombe au Makambako ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya shambani, na hiyo aijua tangu utoto. Ya pili ni ya barabarani. Gari hutoka Liganga kwa njia ya Mkiu, huingia barabara ya Ludewa hadi Itoni, na barabara hiyo ina milima mikali hata sehemu ya Lusitu mpaka Mawengi, yenye urefu wa kilomita 50, ikajengwa kwa zege badala ya lami. Kutoka Njombe mpaka Makambako ni kiasi cha kilomita 60 tena.

Gari likichemsha katika njia hiyo, mzigo hulala njiani, mnunuzi huenda zake, na pengine injini yenyewe huharibika kabisa. Karatasi hii imeandikwa kwa mwenye gari, na pia kwa mkulima anayekodi gari la mwingine, maana mwenye mzigo naye yampasa kujua ni wakati gani wa kusema, "Ndugu dereva, simamisha gari."

1. Jinsi injini inavyopozwa

Zamani wazee wa Kipangwa waliyeyusha chuma kwa tanuri na mivukuto. Kazi yao ilikuwa kuukusanya moto usitoke. Kazi ya mwenye motokaa ni kinyume chake: mafuta yawakapo ndani ya injini, sehemu moja tu ya joto huzungusha magurudumu, na lililobaki hapana budi litolewe nje.

Joto hilo huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji yazunguke ndani ya injini, kisha yapite katika mipira na kuingia ndani ya rejeta, ambako upepo huyapoza. Gari likienda polepole upepo wake ni mdogo, na hapo feni huuvuta. Kati ya injini na rejeta pana themostati, ambayo ni kama bawabu: injini ikiwa baridi hufunga njia, na maji yakipata joto kiasi cha digrii 82 au 88, kwa jinsi ilivyoandikwa, huanza kuifungua.

Mfuniko wa rejeta nao si kifuniko tu kama cha sufuria. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ulivyo upande wa Njombe, huchemka kwa kiasi cha digrii 93. Mfuniko mzima huyabana maji, na kwa kubanwa huko yaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Kwa hiyo mfuniko mbovu, ambao pwani huenda usionekane ubaya wake, huku juu huleta hasara upesi.

2. Kwa nini haifai kuendelea na safari

Katika injini nyingi kiwiliwili ni cha chuma, na sehemu ya juu, yaani silinda hedi, ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kiasi cha mara mbili kuliko chuma. Joto likizidi, silinda hedi hupinda, na gasketi iliyo kati ya vitu hivi viwili huungua au huachia. Ndipo maji huingia penye oili. Aliyekuwa na hasara ya mkanda mmoja sasa ana hasara ya injini nzima. Mwendo wa dakika chache tu baada ya mshale wa joto kufika juu kabisa watosha kuleta hasara hiyo.

3. La kufanya njiani

Mshale ukianza kupanda lakini haujafika mwisho, punguza mwendo, tumia gia ndogo, na ufungue hita ya ndani ya gari mpaka mwisho, hata kama ni mchana wa jua. Hita hiyo hupata joto lake kutoka maji yale yale, na kwa hiyo husaidia kuyapoza. Mshale usiposhuka, simama.

Mvuke ukitoka, au mshale ukifika juu kabisa, simama mahali pa salama, weka mawe nyuma ya magurudumu, na uzime injini. Usiufungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa huruka na kuunguza uso na mikono, na wengi wameumia hivyo. Usiweke mkono karibu na feni, maana feni ya umeme yaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Ngoja muda usiopungua nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono na kuminywa kwa urahisi. Ndipo ufunike mfuniko kwa kitambaa kinene na kuufungua polepole.

Usimwage maji ya baridi juu ya injini, wala kuyatia ndani kwa wingi ingali moto, kwa kuwa chuma chaweza kupasuka. Injini ikiisha kupoa, tia maji safi kidogo kidogo.

4. Maswali matatu ya kumwuliza dereva

Kabla ya kufungua kitu chochote, uliza gari huchemsha wakati gani. Jibu lake huonyesha mahali pa kutazama.

La kwanza: Je, huchemsha likisimama au likienda polepole, na kupoa likishika mwendo? Basi upungufu ni wa upepo. Tazama feni, mkanda wake, na kwa feni ya umeme, fyuzi na nyaya zake.

La pili: Je, huchemsha likipanda mlima na mzigo, lakini tambarare halina neno? Basi upepo upo, ila maji hayapiti au hayapoi ya kutosha. Tazama rejeta iliyoziba, themostati isiyofunguka, au pampu iliyochakaa.

La tatu: Je, maji hupungua kila siku wala hapana tone lililoonekana chini? Shuku mfuniko, au gasketi ya silinda hedi.

5. Jinsi ya kuhakikisha

Mkanda: injini ikiwa imezimwa na baridi, ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukiingia kiasi cha sentimita moja, ni sawa. Ukilegea sana au ukiwa na nyufa, haufai. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji na kuchaji betri. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka pamoja na mshale kupanda, yaelekea mkanda umekatika.

Rejeta: itazame kwa nje. Vumbi, makapi na mbegu za nyasi hujaza nafasi zake ndogo, hasa wakati wa mavuno. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Themostati: itoe, uifunge uzi, uitumbukize katika sufuria ya maji pamoja na ile mpya, kisha uyachemshe. Ikibaki imefunga kabisa na maji yanachemka, imekufa. Lakini jihadhari: huku juu maji huchemka kwa digrii 93, na themostati ya digrii 88 hapo huwa imeanza tu kufunguka. Usiitupe kwa kuwa haikufunguka yote. Ilinganishe na mpya.

Gasketi: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, kisha iwashe. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, moshi mweupe mwingi usioisha hata injini ikipata moto, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, ni dalili za gasketi kuungua. Hapo usisafiri tena, mwite fundi.

6. Makosa mawili yaliyoenea

La kwanza ni kuongeza maji na kuendelea. Maji yaliyoongezwa ni msaada wa kukufikisha kwa fundi, wala si dawa. Yakipungua yamekwenda mahali, na mahali hapo hapana budi papatikane.

La pili ni kuitoa themostati na kuitupa, ili maji yapite wakati wote. Asubuhi za mwezi Juni na Julai Njombe ina baridi kali, na injini isiyo na bawabu hukawia kupata joto. Mafuta hayaungui sawasawa, oili hubaki na unyevu, na vyuma huchakaa upesi. Tena, katika injini nyingine njia ya pembeni hubaki wazi, na maji mengine hayafiki kwenye rejeta kabisa. Ikiwa themostati imekufa, tia nyingine.

7. Kinga

Kila asubuhi kabla ya kupakia, injini ikiwa baridi, tazama maji, oili, mkanda na mipira. Usitie maji ya mto yenye tope, kwa kuwa tope hutulia ndani ya rejeta na kuiziba. Tumia kulanti iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Huzuia kutu, na huzuia maji kuganda katika baridi kali kama ya Kitulo. Kulanti ni sumu, na ladha yake tamu huwavuta watoto na mbwa. Iwekwe mbali nao, na ya zamani isimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

Mwisho, usipakie kuliko uwezo wa gari. Magunia mawili yaliyozidi yaweza kuonekana faida Liganga, lakini kabla ya kufika Itoni yaweza kugeuka kuwa bei ya silinda hedi.