Ghorofa za Chini ya Ardhi: Kompyuta Imeambiwa Nini Kuhusu Udongo?

Mwenye jengo anayetaka maegesho ya magari chini ya ardhi huchimba shimo la mita kadhaa, mara nyingi hatua chache tu kutoka ukuta wa jirani. Kabla ya kuchimba, mhandisi hukadiria kwa kompyuta jinsi ukuta wa kuzuia udongo utakavyosogea na jinsi nyumba ya jirani itakavyotitia. Jibu hutegemea modeli ya udongo aliyochagua, yaani kanuni zinazoieleza kompyuta udongo hufanyaje unapobanwa au unapopunguziwa mzigo.

Modeli inayotumika sana ni ya Mohr-Coulomb. Ni rahisi na inahitaji vipimo vichache. Kasoro yake ni kwamba huupa udongo ugumu ule ule unapobanwa na unapopunguziwa mzigo, na kuchimba ni kupunguza mzigo. Udongo halisi ukipunguziwa mzigo huwa mgumu zaidi, mara nyingi kiasi cha mara tatu. Kwa hiyo kompyuta huweza kuonyesha sakafu ya shimo ikifura kupita kiasi na hata ardhi ya jirani ikiinuka, ilhali kwenye eneo la ujenzi inatitia na kuta zinapata nyufa.

Modeli ya Hardening Soil hutenganisha ugumu wa aina hizo mbili, na kwa shimo refu ndiyo inayofaa zaidi. Lakini inadai sampuli nzuri na vipimo vya ziada vya maabara. Asiyetaka kuvilipia asijisifu kwa jina la modeli. Namba za kubahatisha hubaki za kubahatisha.

Gharama ya kukosea ilionekana Singapore. Tarehe 20 Aprili 2004, shimo la reli ya chini ya ardhi, lenye kina cha takriban mita 30, liliporomoka kando ya barabara ya Nicoll Highway. Watu 4 walifariki. Uchunguzi ulitaja viungo dhaifu vya mihimili ya chuma iliyoshikilia ukuta, pamoja na hesabu ya kompyuta. Mfinyanzi laini wa baharini ulikuwa umehesabiwa kwa Mohr-Coulomb kwa njia iliyoupa nguvu usiyokuwa nayo, kwa kuwa maji yaliyomo hayakupata muda wa kutoka. Ukuta ulisogea kuliko ilivyokadiriwa, vipimo vikaonyesha hivyo, na kazi ikaendelea.

Udongo wetu ni mwingine. Udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ule mwekundu husimama wima ukiwa mkavu, kisha ukilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Hakuna kati ya modeli hizi mbili inayozingatia uvimbe huo yenyewe. Mhandisi lazima auongeze kwenye hesabu.

Chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti. Mkazi anayepakana na shimo ana haki ya kuuliza: udongo ulichimbuliwa na kupimwa hadi kina gani? Modeli gani ilitumika, na kwa nini? Ukuta ukipita kiwango kilichokadiriwa, nani anasimamisha kazi? Piga picha za kuta zako, zikiwa na tarehe, kabla tingatinga halijafika.