Somo la Nne: Abiria Anapoamua Kusema

Daladala hupangiwa njia, na nauli yake huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Hata hivyo, nyakati za msongamano baadhi ya makondakta hutoza nauli iliyozidi, hukatisha safari kabla ya kituo cha mwisho, au huwazuia wanafunzi kupanda kwa sababu nauli yao ni ndogo.

Kwa nini abiria hunyamaza?

Sababu zao si za kubeza. Anayehoji huambiwa, "Kama hutaki, shuka!" Huenda akateremshwa gizani, mbali na kwake, au akazomewa na abiria wenzake wanaotaka gari liondoke. Mbele ya fedheha hiyo, shilingi 100 iliyozidi huonekana si kitu.

Kunyamaza nako kuna gharama

Shilingi 100 ikitozwa asubuhi na jioni kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 5,200 kwa mwezi. Mwanafunzi anayeachwa kituoni hupoteza kipindi ambacho hakuna atakayemfidia. Naye, kwa udogo wake, hawezi kubishana na kondakta. Asiposemewa na mtu mzima aliye karibu, hana wa kumsemea. Aidha, hakuna mkaguzi katika kila gari. Kosa lisiloripotiwa huwa vigumu kulichukulia hatua.

Namna ya kusema

1. Omba tiketi na uitunze.
2. Andika namba ya usajili wa gari, njia, kituo, tarehe, saa na kiasi ulichotozwa.
3. Hoji kwa staha. Ukiona dalili za vurugu, usibishane. Teremka mahali salama, uripoti baadaye.
4. Wasilisha malalamiko katika ofisi ya LATRA, au mweleze askari wa usalama barabarani aliye karibu.
5. Mwenzako anapodai haki, muunge mkono. Ni rahisi kumshusha abiria mmoja. Kuwashusha wote ni vigumu.

Huenda lalamiko lako lisikurejeshee nauli ya siku ile. Lakini litabaki katika kumbukumbu, na atakayelalamika kesho kuhusu gari lilelile hataonekana kuwa wa kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho ulipoona abiria akionewa, ni nini kilikuzuia kusema?
2. Ni nani katika gari anayeumia zaidi watu wazima wanaponyamaza?