Ramani ya Tishio la Moto Misituni: Mbinu na Suala la Istilahi

Utangulizi
Mnamo Machi 2012 moto uliteketeza sehemu ya uoto wa Mlima Kenya, na mnamo Oktoba 2020 moto mwingine ukazuka katika Mlima Kilimanjaro. Moto ukishapanda mlimani ni vigumu kuuzima. Ni heri kujua mapema mahali unapoweza kuanza na kuenea. Makala haya yanaeleza jinsi mfumo wa taarifa za kijiografia unavyotumiwa kuchora ramani ya tishio la moto, kisha yanajadili neno moja linalotatiza usomaji wa ramani hiyo, yaani hatari.

Matabaka ya ramani
Mfumo huu huhifadhi taarifa za mahali katika matabaka yanayolaliana. Msitu hugawanywa kuwa miraba midogo. Kwa mfano, picha za setilaiti za Landsat huonyesha miraba ya mita 30 kwa 30. Kila mraba hupewa alama katika kila tabaka: aina ya uoto, mteremko, ukavu, na ukaribu wa barabara na makazi. Mteremko una nafasi yake kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi, ndimi zake zikikausha uoto ulio mbele. Nao ukaribu wa makazi huzingatiwa kwa sababu mioto mingi huanzishwa na binadamu: mrina asali, mchoma makaa au mkulima anayesafisha shamba.

Kila tabaka hupewa uzito. Tuchukue mfano wa kufunzia: uoto asilimia 40, na matabaka mengine matatu asilimia 20 kila moja. Mraba wa misonobari mikavu wenye alama 5, 4, 4 na 3 (kati ya 5) utapata jumla ya 4.2. Mraba wa mianzi yenye unyevu wenye alama 2, 4, 1 na 1 utapata 2.0. Wa kwanza utatiwa rangi nyekundu, wa pili kijani.

Uzito huo haufai kuazimwa kiholela. Katika nchi zilizo kaskazini ya Tropiki ya Kansa, miteremko inayoelekea kusini hupewa alama za juu kwa kuwa ndiyo inayopigwa na jua zaidi. Mlima Kenya uko karibu mno na Ikweta, hivyo kigezo hicho hupoteza nguvu. Hapa kinachotofautisha pande ni mvua: kusini-mashariki hunyesha sana, ilhali kaskazini ni kukavu. Aidha, ramani hupimwa kwa kuilinganisha na mioto iliyowahi kutokea ambayo haikutumiwa kuiunda. Setilaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, zimeacha kumbukumbu ndefu ya mioto hiyo.

Suala la istilahi
Ramani iliyoelezwa hapa haionyeshi hasara. Inaonyesha tu mahali moto unapoweza kuzuka na kuenea. Hata hivyo, ufunguo wake ukiandikwa "hatari kubwa", msomaji atadhani kwamba ni maisha na mali vinavyozungumziwa. Nyasi kavu zilizo juu ya msitu, pasipo na kaya hata moja, zaweza kuwaka upesi bila kuunguza nyumba. Shamba la misonobari lenye alama ya wastani, lakini linalopakana na kijiji na shule, laweza kuleta maafa. Mkuu wa kikosi akichanganya mambo haya mawili, atapeleka watu wake kusikofaa.

Tunapendekeza neno tishio litumiwe kwa uwezekano wa moto kuzuka na kuenea, na hatari litumiwe pale tishio linapounganishwa na watu au mali inayoweza kudhurika. Maneno yote mawili yanafahamika kwa wananchi; kinachokosekana ni mpaka kati yake.

Hitimisho
Ramani ni matini, na ufunguo wake ni lugha. Mwanajiografia akikokotoa vyema na istilahi ikapotoka, wanaoishi kandokando ya msitu hawatafaidika. Kazi ya kuandika ufunguo huo kwa Kiswahili sahihi ni yetu.