Dondoo muhimu: Laptopu kuukuu ikigoma kuwaka

Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Ikiwaka, shuku betri.

Bado imegoma? Tazama tundu la chaja. Likilegea, au taa ikizimika ukigusa waya, huenda ugonjwa uko hapo. Ukiazima chaja, volti zake ziwe zilezile zilizoandikwa chini ya mashine. Nyingi ni 19, lakini soma, usikisie. Betri iliyovimba usiichaji tena kamwe.

Na siku itakapowaka, tafadhali, kabla ya kazi nyingine yoyote, nakili picha na nyaraka zako kwenye flashi.