AFYA: MAJI YALE YALE, SAMAKI NA MCHICHA



Maji ni ya shida katika uwanda wa Makonde. Udongo ni wa kichanga, na maji ya mvua huzama chini sana. Kiangazi kikifika, bustani nyingi za Newala na Masasi hukauka. Mboga zikikosekana, watoto hukosa vitamini A. Mtoto aliyeikosa sana huanza kushindwa kuona giza linapoingia.

Lakini maji yale yale yanaweza kufuga samaki na kukuza mchicha. Hata aliyepanga chumba mjini anaweza kufanya hivi uani.

Vitu vinavyotakiwa
Tafuta pipa la plastiki la lita 200, beseni kuukuu, kokoto na perege wadogo watano. Muulize bwana samaki wa wilaya mahali pa kupata vifaranga.

HATARI: Usitumie kamwe pipa lililowekwa dawa ya mikorosho. Hata ukiliosha mara nyingi, sumu hubaki. Itaua samaki na kuwadhuru watoto wako.

Namna ya kufanya
1. Weka pipa mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jaza maji. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili, dawa ya klorini itoke.
2. Toboa matundu madogo chini ya beseni. Lijaze kokoto zilizooshwa. Liweke juu ya mbao mbili mdomoni mwa pipa. Panda mchicha au matembele.
3. Funika sehemu iliyobaki kwa wavu wa waya, mtoto asitumbukie.
4. Anza na samaki wawili. Baada ya wiki sita ongeza watatu.
5. Asubuhi, adhuhuri na jioni, chota ndoo moja pipani na kuimimina polepole juu ya kokoto. Maji yatarudi pipani yenyewe.
6. Lisha pumba kidogo au mchwa. Chakula kinachobaki huoza.

Kwa nini mchicha humea?
Uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia. Vijidudu vinavyokaa kwenye kokoto huigeuza kuwa mbolea. Mchicha hula mbolea hiyo, na maji hurudi yakiwa safi kwa samaki. Kumbe si vijidudu vyote ni adui! Lakini huchukua wiki kadhaa kuongezeka, ndiyo maana tunaanza na samaki wawili.

Samaki wakija juu kuhema, acha kuwalisha. Chota ndoo moja, mwagia miti, kisha ongeza maji mapya.

Jihadhari
Maji haya si ya kunywa. Usitie sabuni wala dawa ya wadudu. Osha mboga kwa maji safi, uzipike. Perege wadogo hula viluwiluwi vya mbu, lakini usiache maji yatuame pembeni mwa pipa.

Samaki watano ni kitoweo cha siku moja au mbili tu. Faida kubwa ni majani mabichi kila wiki, wakati wa kiangazi.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini pipa la dawa ya mikorosho halifai?
2. Nyumbani kwako, ni maji gani yanayomwagwa bure?