Mlango wa Chuo cha Uhandisi

Zamani za misafara, Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe, na nyingine Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi miwili au mitatu kabla ya kuiona bahari. Mwaka 1912 reli ya Wadachi ilifika Tabora, na safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Mzigo uliondoka begani mwa mpagazi kwa sababu watu walijua kupima nchi, kukadiria uzito na kujenga madaraja. Elimu hiyo ndiyo uhandisi.

Hata leo twaihitaji. Maji ya Ziwa Victoria huletwa kwa mabomba hata mjini Tabora, na ziwa liko chini kuliko mji wetu. Maji hayapandi kwa hiari yao. Husukumwa kwa mashine. Mtu wa kuchagua mashine hizo na unene wa mabomba sharti ahesabu kwanza, ndipo mtoto wa Mtendeni apate kujaza ndoo yake.

Elimu hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973. Kabla ya hapo vijana wetu waliifuata elimu hiyo Nairobi au ng'ambo.

Sasa angalieni jinsi watu waingiavyo. Mwanafunzi humaliza Kidato cha Sita, akiwa amesoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Katika mtihani wa taifa, A huhesabiwa alama 5, B alama 4, C alama 3, D alama 2, na E alama 1. Mwombaji wa shahada hutakiwa kupata katika masomo mawili yatakiwayo jumla isiyopungua alama 4. Na kwa uhandisi, masomo hayo kwa kawaida ni Hisabati na Fizikia.

Lakini kustahili ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jambo jingine. Tuseme nafasi ni 60, na walioomba wenye kustahili ni 300. Chuo huanza na wenye alama nyingi, kikishuka hata nafasi ziishe. Mwenye alama 4 amefika mlangoni kwa haki, lakini wenye 8, 9 na 10 wamemtangulia. Watu 240 watarudi, wala hakuna hata mmoja wao aliyeshindwa mtihani.

Aliyerudi asijione mjinga, wala asiseme amedhulumiwa. Uko mlango mwingine. Aweza kusoma stashahada ya ufundi katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, au katika Chuo cha Ufundi Arusha. Akifaulu vema, aweza kuomba tena nafasi ya shahada. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini mikono yake itakuwa imezoea kazi.

Je, ninyi mlio shule ya msingi mfanye nini? Msidhani kwamba mashindano haya huanza Kidato cha Sita. Asiyejua hesabu za sehemu hataweza aljebra. Asiyeweza aljebra hataielewa Fizikia. Basi hesabu uliyokosa leo, irudie leo, wala usiinakili kwa jirani yako, kwa maana jirani hataingia nawe katika chumba cha mtihani. Na msichana asiambiwe kwamba kazi hii ni ya wavulana. Daraja halimwulizi aliyelijenga kama ni mume au mke. Hudai hesabu iliyo sahihi tu.

Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI
1. Reli ilifika Tabora mwaka gani, nayo iliwaondolea wapagazi taabu gani?
2. Kwa nini maji ya Ziwa Victoria hayawezi kufika Tabora bila mashine?
3. Kijana amepata B katika Hisabati na C katika Fizikia. Jumla ya alama zake ni ngapi? Je, anastahili kuomba? Je, ni hakika kwamba atachaguliwa? Eleza.
4. Asiyechaguliwa aweza kufuata njia gani nyingine?